Kopo la Biskuti na Mazungumzo ya Baba na Mwana

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunao vijana wa kiume ambao wakifika miaka 15 au 16 maneno huwaishia. Mtoto aliyekuwa akikufuata jikoni na maswali mia moja, sasa anasema "shikamoo", anapokea sahani yake na kutoweka. Nyumba ikiwa na baba mwenye afya na mizaha yake, pengo hilo huzibika kidogo. Lakini je, baba mwenyewe anapokuwa mgonjwa wa muda mrefu, nani atamfungua kijana kinywa? Na baba naye atafunguliwa na nani?

Leo napenda kuwasimulia jinsi chombo kidogo cha gitaa kiitwacho pedali kilivyotengenezwa nyumbani kwetu, Morogoro, kwa vipuri vya redio kuukuu. Nitaeleza pia namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi na kinavyotengenezwa, kwa kuwa huenda na wewe unaye kijana mwenye gitaa, na uvunguni mwa kitanda chako limo sanduku la vyuma ambalo kila mara unataka kulitupa. Usilitupe kwanza. Soma hadi mwisho.

FUNDI ASIYE NA KIBANDA

Mume wangu ni fundi redio. Kazi hii alifundishwa na mjomba wake miaka ya 1980, enzi ambazo redio ilikuwa mali ya familia, na ikinyamaza ilibebwa kwa fundi ikiwa imefungwa kwa kanga kama mtoto mgonjwa. Alilelewa na muziki wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na mpaka leo anaweza kukwambia gitaa lipi kati ya yale mawili au matatu ndilo linalojibu. Baadaye zilikuja redio za bei rahisi ambazo zikiharibika hutupwa, kisha zikaja simu. Hata hivyo hakufunga kibanda. Aligeukia spika na amplifaya za makanisa na za kumbi za harusi, tukasomesha watoto.

Mwezi wa Agosti 2022 alipata kiharusi. Aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia haushiki kitu na maneno yanakwama. Mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nilijua ninatazama nini. Hatukungoja kuche vizuri. Tulimbeba, na namshukuru Mungu tulifika hospitali mapema. Mguu ulirudi baada ya miezi michache. Maneno nayo yalirudi, ingawa ulimi ni mzito hasa akichoka. Mkono wa kulia ndio ulioshindwa kurudi sawasawa. Anaweza kuuinua, lakini vidole havina shabaha, na fundi redio asiye na shabaha ya vidole ni kama mshonaji asiyeona tundu la sindano.

Jamani, kiharusi hakichukui nguvu za mwili peke yake. Kati ya watu watatu waliopata kiharusi, karibu mmoja hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyotaka kuondoka. Niliiona ikiingia nyumbani kwangu. Mume wangu alihamia kwenye kiti cha barazani. Kibanda kilifungwa, mita yake na vifaa vya kulehemu vikaingia katika sanduku, sanduku likaingia uvunguni. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini wa kufinya kila siku. Aliufinya siku tatu, kisha akampa mtoto wa jirani. Akaniambia, "Mama watoto, mimi si mtu wa kufinya mpira."

Na yule kijana wetu, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka 14, alianza kupitia mlango wa nyuma. Watu walidhani ni utundu. Mimi wodini nimeona watoto wengi wa wagonjwa wakisimama kando ya kitanda huku wanatazama sakafu, nikajua ni kitu gani. Kijana hakuogopa kuchapwa. Aliogopa kumwona baba yake akiinua kikombe kwa mikono miwili. Ikapita miaka miwili ya "shikamoo baba" na "marahaba" tu. Hakuna ugomvi uliotokea kati yao, na hakuna neno.

SAUTI ILIYOZALIWA NA UBOVU

Kijana anapiga gitaa la solo katika kwaya ya vijana. Katikati ya mwaka 2024 alinijia akitaka fedha za pedali. Kwa wasiojua, pedali ni kisanduku kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu, na sauti ya gitaa hubadilika. Zipo pedali za kurudisha mwangwi, zipo za kutikisa sauti kama mawimbi, na zipo za kuikwaruza, yaani sauti inakuwa nzito na yenye kokoto, kama ya mtu aliyeimba usiku kucha. Ya kukwaruza ndiyo aliyoitaka. Bei ya dukani ilipita laki moja. Tulikuwa na ada ya shule na dawa za shinikizo la damu ambazo haziruki hata siku moja. Nikamwambia kwamba fedha hiyo haipo.

Lakini nilimwuliza, "Ndani ya hiyo pedali mna nini?" Akanionyesha picha kwenye simu, pedali imefunguliwa. Nikaona vidude vya rangi rangi na vyenye miguu kama wadudu, vilevile nilivyokuwa nikivifagia sakafuni kibandani miaka yote. Nikamwambia, "Mimi ni muuguzi, vitu hivi sivijui. Anayevijua yuko barazani."

Alisimama pale kidogo, halafu akaondoka. Ilipita wiki nzima. Sikumkumbusha, wala sikumwambia baba yake.

Siku ya nane jioni nilimwona amekaa kwenye ngazi ya baraza, simu mkononi, anamsomea baba yake. Kilichomvuta kuanza kilikuwa kisa cha jinsi sauti hiyo ilivyopatikana. Nami nakieleza hapa kwa kuwa ni cha kweli na kinafurahisha. Katika studio moja ya mji wa Nashville, Marekani, walikuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Gitaa la besi la Grady Martin lilipitia njia moja ya mtambo iliyokuwa imeharibika, likatoa mkoromo wa ajabu. Badala ya kuufuta, waliuacha, na watu wakaupenda. Fundi mitambo wao, Glenn Snoddy, akatengeneza kifaa kidogo cha transista cha kuiga ubovu ule kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ilikiuza kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza lilikitumia katika wimbo wao maarufu "Satisfaction", na tangu hapo kila kijana mwenye gitaa akakitaka.

Nilikuwa natwanga karanga ndani, nikasikia kicheko. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu Agosti 2022. Mume wangu alikuwa anasema, kwa ulimi wake mzito, "Yaani watu wananunua mkwaruzo? Mimi nimekula miaka 30 kwa kuutoa mkwaruzo huo kwenye spika za watu, na leo mwanangu anataka niurudishe?"

Kijana naye akacheka. Baba akamwambia, "Kalete lile sanduku."

KIBABA CHA MFUTO

Mama mwenzangu, usiogope sehemu hii. Ukijua kupima mchele, utaielewa.

Waya za gitaa la umeme ni za chuma. Chini yake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana mara maelfu. Waya wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa, mdogo mno, kwa kawaida chini ya volti moja. Umeme huo hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa, na mawimbi hayo ndiyo sauti.

Ndani ya pedali mna kitu kiitwacho transista. Kazi yake ni kuyakuza mawimbi hayo. Yakishakuzwa yanakutana na daiodi mbili. Daiodi ya kawaida ya silikoni hufungua njia umeme unapofika karibu volti 0.6, na wimbi lolote linalotaka kupanda zaidi ya hapo linamwagwa pembeni. Daiodi moja inakata juu na nyingine, iliyogeuzwa, inakata chini.

Sasa kumbuka sokoni. Kuna kibaba cha tele, mchele umepanda kama kilima, na kuna kibaba cha mfuto, muuzaji amepitisha kijiti juu na kukikata sawasawa. Sauti safi ya gitaa ni kilima cha mviringo. Pedali inapitisha kijiti. Kilima kinakuwa bapa juu na chini, na sauti iliyokatwa hivyo ndiyo masikio yetu yanaisikia kuwa na mkwaruzo. Mfano huu si wangu. Ni wa mume wangu, aliompa kijana jioni ile kwa kutumia kikombe cha karanga zangu.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Pedali yenyewe ilihitaji vitu vichache kuliko nilivyofikiri:

Transista moja ndogo ya silikoni, kwa mfano BC547. Rezista tatu: ya megaomu 2.2, ya kiloomu 4.7 na ya omu 680. Kapasita mbili za maikrofaradi 0.1. Daiodi mbili aina ya 1N4148. Volyumu moja, yaani kile kidude cha kuzungusha, ya kiloomu 100. Soketi mbili kubwa za gitaa. Swichi moja ya kukanyaga yenye miguu sita. Betri ya volti 9 na kishikizo chake. Kipande cha ubao wenye vitundu, waya mwembamba na lehemu. Pamoja na hivyo, kopo la bati.

Kwa wanaotaka kujaribu, mpangilio ni huu. Sauti kutoka kwenye gitaa inapita kapasita ya kwanza na kuingia mguu wa transista uitwao beisi. Rezista ya megaomu 2.2 inaunganisha beisi na kolekta. Rezista ya kiloomu 4.7 inaleta umeme wa betri kwenye kolekta. Ile ya omu 680 inatoka kwenye emita kwenda ardhi, yaani upande hasi wa betri. Kutoka kolekta sauti inapita kapasita ya pili, inakutana na zile daiodi mbili zinazoelekea ardhi, kisha inaingia volyumu na kutoka. Ukipunguza ile rezista ya omu 680, mkwaruzo unaongezeka.

Rezista na daiodi zilipatikana kwenye sanduku la uvunguni. Transista, soketi na swichi kijana alizifuata Kariakoo, Dar es Salaam, likizo ya Desemba. Alikwenda kwa treni ya umeme, na kabla ya kuondoka baba yake alimwandikisha orodha, herufi kwa herufi, akimwambia arudie kila namba. Vyote pamoja havikufika bei ya jogoo mmoja.

Kopo lilikuwa langu, la biskuti, nililowekea sindano na vifungo. Bati ni zuri kwa kazi hii kwa sababu linazuia mingurumo ya umeme wa nyumba isiingie kwenye sauti, mradi liunganishwe na upande hasi. Bati la kopo ni laini, nalo hubonyea likikanyagwa. Mume wangu aliagiza kiwekwe kipande cha mbao ndani, chini ya swichi. Jambo jingine nililolipenda ni soketi ya kuingilia. Walitumia ile yenye miguu mitatu, ambayo betri haiungani mpaka waya wa gitaa uchomekwe. Ukichomoa waya, umeme unakatika na betri inapumzika. Pedali kama hii hunyonya chini ya miliampia moja, kwa hiyo betri hudumu muda mrefu.

MIKONO YA MMOJA NA MACHO YA MWINGINE

Walianza baada ya Krismasi. Meza ilikuwa ile ya barazani, taa ikavutwa kwa waya kutoka sebuleni. Mume wangu alijua kila kitu lakini mkono haukumtii. Kijana alikuwa na mikono imara lakini hakujua kitu. Hapo hapakuwa na njia ila kusemezana.

"Joto likae kwenye mguu wa kipuri kwanza, halafu lehemu ifuate. Usiipake kama siagi." "Sawa baba." "Ona inavyong'aa? Hiyo imeshika. Ile pale imefifia, imelala tu juu. Rudia."

Kijana alikuwa na mikono miwili tu: mmoja wa kifaa cha kulehemu na mwingine wa kushika ubao. Nani ashike waya wa lehemu? Siku ya kwanza baba alitumia mkono wa kushoto. Siku ya pili nikaona ameshika kwa ule wa kulia, kiwiko kimeegemea meza, waya unatetemeka kama antena ya panzi. Kijana alisubiri. Hakumsaidia wala hakuondoa macho. Waya ulipofika mahali pake ndipo alipogusisha joto.

Sisi wauguzi tunajua kwamba mkono uliopooza hufaidika zaidi na kazi yenye maana, inayorudiwa mara nyingi, kuliko mazoezi ya kuchosha ambayo mgonjwa hayapendi. Lehemu ilikuwa mpira wake wa kufinya, ila safari hii hakumpa mtoto wa jirani.

Siku ya kujaribu, mambo yalikataa. Gitaa lilisikika kwa mbali sana, kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta, na mkwaruzo haukuwapo kabisa. Kijana alitaka kung'oa vyote. Baba akasema, "Mgonjwa hazikwi kabla ya kupimwa." Akaomba mita. Akaweka ncha moja kwenye upande hasi na nyingine kwenye kolekta, na mita ikaonyesha karibu nguvu zote za betri. "Inapaswa kuwa pungufu. Transista hii haifanyi kazi. Nipe huo mchoro wako." Akautazama kwenye simu, akaitazama transista, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Mchoro wa kijana ulikuwa wa transista nyingine, 2N3904. Hizi mbili zinafanana kama mapacha, lakini miguu yake imepangwa kinyume: ukiitazama upande wa bapa, 2N3904 inaanza na emita kushoto, na BC547 inaanza na kolekta. Waliigeuza, wakalehemu upya.

Sauti iliyotoka ilimfanya jirani achungulie dirishani. Ilikuwa nene, yenye kokoto. Mume wangu alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akasema, "Kweli ni ubovu. Lakini ubovu uliopangwa vizuri."

Lakini, akina mama, jambo ninalotaka mlijue hasa lilitokea kabla ya hapo, usiku wa tatu au wa nne. Nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Walikuwa wameinamia ubao, hakuna anayemtazama mwenzake. Kijana akauliza, polepole, bila kuinua kichwa, "Baba, ile siku ulipoanguka, ulikuwa unatusikia?"

Moshi wa lehemu ulipanda kidogo. Mume wangu akajibu, "Nilikuwa nasikia yote. Kusema tu ndiko kulinishinda. Nilikusikia unalia pale mlangoni. Nilitaka kukwambia usilie."

Kijana akasema, "Nilidhani umeshakwenda."

"Nipo," akasema baba yake. "Leta ile rezista ya mwisho."

Nilirudi jikoni na sinia yangu. Chai ilipoa, nikaipasha tena, nikaipeleka baadaye. Kwa miaka miwili swali lile lilikuwa limekaa nyumbani mwetu bila mtu wa kuliuliza. Kumketisha kijana kwenye kochi na kumwambia "zungumza na baba yako" kusingelitoa. Lilitoka mikono ilipokuwa na kazi na macho yalipokuwa na mahali pa kutazama.

TAHADHARI ZA MUUGUZI

Ikiwa nawe utawaruhusu wa kwako, nakusihi uzingatie haya. Mimi mwenyewe niliyasimamia bila kulegeza.

Kwanza, tumieni betri tu. Pedali ya betri ya volti 9 haina umeme wa kumdhuru mtu. Amplifaya inayochomekwa ukutani ni jambo lingine kabisa. Ndani yake mna kapasita kubwa zinazoweza kushika umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Mtoto asiifungue.

Pili, lehemu ya kawaida ya mafundi ina risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Kazi isifanyike kwenye meza ya chakula. Hakuna kula wala kuweka waya mdomoni. Wakimaliza, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi na mikono ioshwe kwa sabuni.

Tatu, moshi ule hautokani na risasi. Unatokana na utomvu uliomo ndani ya lehemu, nao huwasumbua wenye pumu. Kazi ifanyike barazani au karibu na dirisha lililo wazi.

Nne, kifaa cha kulehemu ni cha moto kupita mafuta ya maandazi. Mtu akiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Tano, masikio. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyozidi muda huo hupungua haraka. Kipimo changu cha nyumbani ni rahisi: ikiwa inabidi nipaze sauti ili nisikike na mtu aliye hatua moja tu kutoka kwangu, amplifaya ipunguzwe.

WAZEE NA KIITIKIO

Pedali ilipofika kanisani palikuwa na maneno. Baadhi ya wazee walisema sauti ile ni ya madisko. Kiongozi wa kwaya aliomba isikilizwe kwanza kabla ya kuhukumiwa, wakakubaliana itumike kwenye kiitikio cha wimbo mmoja tu, kwa sauti ya chini. Mpaka leo iko hivyo, na sioni ubaya. Kijana amejifunza kwamba kuwa na chombo si lazima kukikanyaga wakati wote.

Siku hizi namsikia akiwaeleza wenzake kwamba mambo haya si ya Wazungu peke yao. Huwatajia kundi la Konono N°1 la Kinshasa, ambalo mwanzilishi wake, Mingiedi Mawangu, alizipa likembe sauti ya umeme kwa sumaku za vipuri vikuukuu vya magari. Sauti yao ilikwaruza kwa sababu vyombo vilikuwa vya kujitengenezea, na watu wa Ulaya wakawaalika kwa mkwaruzo huohuo.

Sitaki niwadanganye kuhusu mume wangu. Pedali haijamponya. Kifungo cha juu cha shati bado namfunga mimi, na zipo siku anaamka hataki kusema na mtu. Dawa zake anaendelea nazo na vipimo vya shinikizo la damu hatukosi. Lakini amekubali kurudi kwa mtaalamu wa mazoezi, na mara ya kwanza alipokwenda alichukua waya wa lehemu mfukoni ili amwonyeshe anachotaka mkono wake uweze kufanya.

Vijana wa kwaya mbili za jirani wamekuja na makopo yao. Jumamosi alasiri hukaa wanne au watano barazani. Yeye yupo kwenye kiti kilekile, ila sasa kimesogezwa mezani. Akiwa amechoka na ulimi umekuwa mzito, wageni hawamwelewi vizuri. Kijana wetu humwelewa, na ndiye anayewatafsiria.

Mimi kazi yangu ni taa, chai na kuhakikisha mikono imeoshwa. Sindano na vifungo nimeviwekea kopo jingine.